Sura ya Sita: Mtendaji wa Kijiji Daraja la III

Juni 2014, majukwaa ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam yalijaa watu ingawa siku hiyo hapakuwa na mechi. Zaidi ya vijana 10,000 walikuwa wameitwa kwenye usaili wa nafasi 70 za Mkaguzi Msaidizi wa Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 100,000. Kwa hiyo kijana aliyemaliza chuo akiniambia kwamba ajira za serikali zina wenyewe, simcheki wala simkemei. Namba hizo zinatisha, na upendeleo upo. Lakini kuna jambo linalowaangusha vijana wengi kuliko upendeleo, nalo liko mbele ya macho yao. Hawalisomi tangazo la kazi. Wanaangalia sifa, wanaangalia tarehe ya mwisho, kisha wanakimbilia steshenari kuskani vyeti.

Katika sura hii nachukua nafasi moja tu na kwenda nayo tangu tangazo linapotoka hadi siku ya kuripoti. Nimechagua Mtendaji wa Kijiji Daraja la III kwa sababu halmashauri za wilaya huitangaza mara kwa mara, na kwa sababu ni kazi inayodharauliwa na watu wasioijua. Mshahara wake uko ngazi ya TGS B, karibu na chini kabisa ya ngazi za serikali. Madaraka yake ni makubwa kuliko ya maafisa wengi wanaokaa ofisi zenye viyoyozi.

Tangazo la halmashauri huanza na Mkurugenzi Mtendaji akieleza kuwa amepata kibali cha ajira mpya kutoka kwa Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Hapo hutajwa kumbukumbu namba ya kibali na tarehe yake. Wengi huiruka aya hiyo, na ndiyo inayokuonyesha kwamba nafasi ipo kweli na fedha ya kuilipia imepangwa. Matapeli wanaosambaza matangazo ya uongo kwenye makundi ya WhatsApp huweka nembo ya taifa, huweka mishahara minono, kisha huweka namba ya simu ya kutumia "ada ya fomu". Kuomba kazi serikalini hakuna ada. Ukiombwa hata shilingi elfu tano, ujue huyo si mwajiri. Na anayekwambia anauza plesmenti, yaani nafasi ya kupangiwa kazi, anakuingiza kwenye kosa la jinai, kwani Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji wote wawili.

Inafaa kujua mfumo huu ulikotoka. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 iliwapa waajiri nafasi ya kujiajiria wenyewe. Malalamiko ya undugu na ukabila yalikuwa mengi, na sheria ikarekebishwa mwaka 2007 ili kuunda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoanza kazi 2009. Siku hizi maombi hupitia Ajira Portal, hata pale halmashauri inapotangaza yenyewe kwa kibali. Naupenda mfumo huu pamoja na kasoro zake. Mtoto wa mkulima wa Kibondo anaingia kwenye ukurasa uleule anaoingia mtoto wa waziri, na wote wawili wanaombwa namba ya kitambulisho cha taifa.

Kwenye sifa, tangazo la mtendaji wa kijiji hudai elimu ya kidato cha nne au sita, pamoja na mafunzo katika moja ya fani zilizotajwa: Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha, Maendeleo ya Jamii, Sayansi ya Sanaa, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Jina la kozi kwenye cheti chako lisipolingana na fani hizo, usitegemee huruma ya mtu anayepitia maelfu ya maombi. Tafuta tangazo linalokuhusu.

Nyaraka zinahitaji uvumilivu zaidi kuliko akili. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita, cheti cha taaluma pamoja na matokeo yake ya kina, wasifu binafsi, majina ya wadhamini watatu. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi, na tangazo husema hivyo waziwazi, lakini kila mara kuna wanaoziweka kwa matumaini. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji uthibitisho wa mamlaka husika, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Baraza la Mitihani. Ila tatizo linalowatesa wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Mwanaidi Hamisi Juma, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi H. Juma, kitambulisho cha taifa kinasema Mwanaidi Hamis Juma. Kwa jirani zako hao wote ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu watatu. Tangazo hutaka mwenye majina yanayotofautiana aambatishe hati rasmi ya majina iliyothibitishwa na kusajiliwa, na hati hiyo haipatikani kwa siku mbili. Rekebisha majina yako sasa, wakati hakuna tangazo lolote mezani.

Ukali huu una sababu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Walikuwemo watu waliotumikia miaka mingi na kulea familia kwa mishahara hiyo. Tangu siku hiyo hakuna mwajiri wa serikali anayechukulia cheti kwa wepesi, na mimi naona ni haki, maana kila cheti cha uongo kilikalia kiti cha kijana aliyesoma kwa jasho.

Barua ya maombi iandike kwa ufupi na uisaini kwa mkono kabla ya kuiskani. Angalia inaelekezwa kwa nani. Kama tangazo ni la halmashauri, barua inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri hiyo. Kama ni la Sekretarieti, inakwenda kwa Katibu wake, Dodoma. Kijana anayenakili barua ya mwaka jana bila kubadilisha anwani amejieleza vibaya kabla hajaulizwa lolote, kwa sababu kazi anayoiomba kwa sehemu kubwa ni ya kuandika barua za watu.

Sasa tuingie kwenye majukumu, orodha ndefu ambayo macho ya wengi huteleza juu yake. Mtendaji wa kijiji ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Anasimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Anatafsiri na kusimamia sera, sheria na taratibu. Anahifadhi kumbukumbu na nyaraka zote za kijiji. Ni mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini. Anapokea na kusikiliza malalamiko na migogoro ya wananchi. Anasimamia utungaji wa sheria ndogo. Anawajibika kwa Mtendaji wa Kata.

Chukua karatasi, andika kila jukumu kichwani mwa ukurasa, na chini yake andika mambo matatu: sheria inayolihusu, nyaraka inayotumika, na ugomvi unaoweza kuzuka. Ukimaliza kazi hiyo kwa uaminifu utakuwa umeandaa maswali mengi utakayokutana nayo kwenye usaili, yawe ya mchujo au ya mahojiano. Waandaaji wa maswali hawana pengine pa kuyatoa zaidi ya hapo. Wanataka kujua kama unaweza kazi waliyoitangaza.

Kwenye "katibu wa mikutano", kwa mfano, sheria yako ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Inatenganisha vyombo viwili ambavyo wasailiwa huvichanganya kila siku. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, mwenyekiti wake akiwa amechaguliwa na wananchi, nawe mtendaji ukiwa umeajiriwa. Ongeza Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Usikariri namba za vifungu ukaacha maana. Jua nani ana mamlaka gani, na nani hana.

Kisha nenda ofisi ya kijiji chochote kilicho karibu nawe. Msalimie mtendaji, mweleze shida yako, omba kukaa pembeni siku nzima. Wengi wao watakukaribisha, maana ni nadra mtu kuja kuuliza kazi yao inafanywaje. Utaona mama amekuja kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya mkopo, mzee analalamikia mpaka wa shamba, mwalimu ameleta taarifa ya watoto watoro. Ukiruhusiwa, soma faili la mihtasari. Utakuta kila kikao kinaanza vilevile: mahudhurio, kufungua kikao, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yatokanayo. Hapo kwenye yatokanayo tulia. Ndipo kijiji kinapojidai chenyewe: tofali za zahanati ziliahidiwa mwezi wa pili, mwezi wa tano bado zimeandikwa "utekelezaji unaendelea", mwezi wa nane hazitajwi tena. Mtendaji mzuri hujulikana kwa yatokanayo yake. Na msailiwa aliyewahi kusoma faili kama hilo huzungumza tofauti kabisa na aliyesoma vitini vya maswali na majibu vinavyouzwa mtandaoni.

Majina ya walioitwa kwenye usaili yakitoka, vijana wanasema mkeka umetoka. Soma mkeka wote, pamoja na maelekezo ya mwanzo. Nakili namba yako ya usaili, kwa sababu huenda usipewe tena siku ya tukio. Andaa kitambulisho na vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Sekretarieti imekuwa ikipeleka usaili wa kada nyingi mikoani, na hilo limewapunguzia watu mzigo, lakini ukiwa Bukoba na umeomba Masasi safari ni yako. Naona hapa bado kuna dhuluma. Mtu asiye na kazi anauza kuku na simu ili asafiri kwenda kuomba kazi, halafu anaingia kwenye chumba cha mtihani hajalala. Ukiweza, omba halmashauri ambayo una ndugu au rafiki wa kukupokea, ufike siku moja kabla.

Usaili wa mchujo ni wa maandishi, na siku hizi kada nyingi hufanya kwenye kompyuta. Kama hujazoea kipanya na kibodi, kaa kwenye kompyuta ya rafiki au ya steshenari hadi mkono uzoee. Hapa kazi ya kuyachambua majukumu ndiyo inayolipa. Utaulizwa mambo ya kutofautisha, kutaja na kupanga, na muda hautoshi kwa mtu anayeanza kufikiri palepale.

Usaili wa mahojiano ndio unaoogopwa. Unaingia, unakuta jopo la watu kadhaa nyuma ya meza, kila mmoja ana karatasi ya alama. Hawatabasamu sana. Usilichukue kama dalili mbaya, wanaandika. Wasailiwa wa kada moja huulizwa maswali yaleyale na kila mjumbe hutoa alama zake, kwa hiyo mjumbe mmoja aliyekukunjia uso hakumalizi. Wataanza kwa kukutaka ujieleze. Taja elimu yako, uzoefu wako, hata wa kujitolea, na kilichokuleta kwenye kazi hii. Dakika mbili zinatosha. Habari za baba yako alikufa lini na mmeteseka vipi ziache nje, si kwa sababu hazina uzito, bali kwa sababu karatasi ile haina mahali pa kuziandikia alama.

Halafu linakuja swali la tukio. Chukua hili: "Mwenyekiti wa kijiji amekataa kuitisha mkutano wa kusoma mapato na matumizi. Wewe ni mtendaji. Utafanya nini?"

Majibu mawili husikika sana. La kwanza: "Nitaitisha mkutano mwenyewe." La pili: "Nitamripoti kwa Mkuu wa Wilaya." Wanaojibu hivyo wote wawili wanadhani wanaonyesha uthabiti. Wa kwanza amemvamia kiongozi aliyechaguliwa na wananchi, akazusha mgogoro ambao kijiji kitaulipia kwa miaka mitano. Wa pili ameruka Mtendaji wa Kata, ambaye tangazo lenyewe lilimwambia ndiye anayewajibika kwake, na amemruka Mkurugenzi pia.

Mimi ningependa kumsikia msailiwa akianza kwa kujikagua: je, hesabu ziko tayari? Afisa masuuli ni mimi. Huenda mwenyekiti anakataa kwa sababu vitabu vyangu vina mapengo na hataki kuaibika mbele ya watu. Nitaandaa taarifa ya robo mwaka, mapato kwa stakabadhi zake na matumizi kwa hati zake. Nitakwenda kwa mwenyekiti, tuzungumze wawili, nimsikilize sababu zake na nimkumbushe kwa heshima kwamba mkutano wa kila miezi mitatu ni wa kisheria, si hisani. Akishikilia, suala litaingia kwenye ajenda za Halmashauri ya Kijiji, ambako mimi ni katibu, na msimamo wa kila upande utaandikwa kwenye muhtasari. Kikao kikishindwa, nitamwandikia Mtendaji wa Kata barua nikiambatisha taarifa na muhtasari, nakala kwenye faili. Katika muda wote huo sitapita vilabuni kumsema mwenyekiti.

Jibu hilo halina kifungu hata kimoja cha sheria kilichotajwa kwa namba, lakini sheria imo ndani yake yote. Jopo linasikia kwamba mtu huyu anajua mipaka yake, anatunza maandishi, na anaweza kukaa kijiji kimoja na mtu wasiyeelewana naye. Njia hiyohiyo hufaa kwa tukio jingine lolote. Mifugo imeingia shambani na vijana wameshika mapanga: amani kwanza, kwa hiyo unafika eneo la tukio pamoja na mgambo na unaita polisi, kisha afisa ugani anathamini hasara, kisha pande mbili zinakaa, na kila hatua inaandikwa.

Ukiulizwa kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Usichomeke maneno ya Kiingereza ili uonekane msomi. Kazi unayoiomba ni ya kusimama mbele ya mkutano mkuu na kueleweka na bibi wa miaka themanini. Na swali usilolijua, sema hulijui na useme ungeliuliza kwa nani. Mtendaji anayebuni sheria mbele ya wananchi ni hatari, na wanajopo wengi wameshawahi kusuluhisha balaa la watu wa namna hiyo.

Ukifaulu na nafasi zikawa chache, jina lako huhifadhiwa kwenye kanzidata, na waajiri wakihitaji watu wa kada yako huchukuliwa kutoka humo. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu hovyo, na endelea kufungua akaunti yako kwenye mfumo. Kuna watu walioitwa kazini wakiwa wameshakata tamaa, wakakuta muda wa kuripoti umepita.

Barua ya kupangiwa kituo ikifika, utaripoti na vyeti halisi kwa uhakiki mwingine, utajaza mikataba na fomu, na utaanza kipindi cha matazamio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Utapelekwa kijijini, na huko jambo la kwanza litakalokuja mezani ni makabidhiano. Hapa watendaji wapya huumia kwa haraka ya kutaka kuonekana wapole. Mtangulizi wako atakupa muhuri na funguo, atakwambia mengine mtaelewana kwa simu. Mwombe mkae chini, mbele ya mwenyekiti na Mtendaji wa Kata. Hesabuni vitabu vya stakabadhi, faili la mihtasari, rejista ya wakazi, hati za ardhi, salio la akaunti ya kijiji. Angalieni mashine ya POS ya kukusanyia mapato ya halmashauri: imekusanya kiasi gani, kilichopelekwa benki ni kiasi gani, na tofauti iko wapi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimetaja zaidi ya mara moja fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo bila kufika benki, na deni hufuatiliwa kwa jina la aliyeipokea. Andikeni kila kitu, msaini wote wanne pamoja na shahidi kutoka Halmashauri ya Kijiji, nakala moja ipelekwe kwa Mkurugenzi, nyingine ubaki nayo wewe.